Safari ya Nuru ya Jua Ndani ya Maji

Somo la redio kwa madarasa ya Elimu ya Watu Wazima, Bugarama. Limechapwa kama lilivyosomwa, ili darasa lipate kulisoma tena pamoja.

VIFAA VYA DARASA: beseni la maji safi, kijiti kilichonyooka, kioo kidogo cha kujitazamia, karatasi nyeupe, chupa ya plastiki isiyo na rangi, na gazeti moja.

MANENO YA LEO
Nuru: mwanga utokao kwa jua, taa au moto.
Kina: urefu wa kwenda chini, kutoka juu ya maji mpaka sakafuni.
Kilindi: mahali penye kina kikubwa.
Maji maangavu: maji yanayopitisha nuru vizuri.
Mmomonyoko: kuchukuliwa kwa udongo na maji ya mvua au upepo.

SOMO

Natumaini beseni lipo, na jua lipo. Kama kuna wingu, msihuzunike. Jaribio lenu litangoja kesho.

Wiki iliyopita nilipata barua kutoka kwa mama mmoja wa darasa la Bugarama. Barua yenyewe ni fupi, mistari sita tu, imeandikwa kwa kalamu ya risasi, na herufi zake zimesimama vizuri. Mama huyu alikwenda Mwanza kumwuguza binti yake. Siku moja alishuka ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kwa mbali aliona maji ya buluu. Karibu na miguu yake aliyaona ya kijani. Akateka kwa kikombe, akatazama ndani: maji hayana rangi. Anauliza, "Rangi ile ilikwenda wapi?"

Hilo ni swali la kwanza. Swali lake la pili ni hili: "Nilisikia kwamba maji yakitiwa katika chupa na kuanikwa juani, jua huua vijidudu vya maradhi. Je, ni kweli, au ni maneno ya watu?"

Maswali haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini jibu lake ni moja. Ili tulipate, hatuna budi kuifuata nuru ya jua, tuone inavyoingia majini, inavyosafiri humo, na kinachoizuia njiani.

Nuru nyeupe ni ya rangi nyingi

Jua liko mbali nasi kiasi cha kilomita milioni 150. Nuru yake hutumia dakika 8 na sekunde 20 hivi kutufikia. Tunapoitazama ukutani tunaiona nyeupe. Lakini weupe huo si rangi moja. Ni mchanganyiko wa rangi nyingi zilizoshikana.

Ninyi mmekwisha kuziona rangi hizo zikiachana. Mvua inaponyesha upande mmoja wa vilima na jua likiwaka upande mwingine, mnaona nini? Upinde wa mvua. Matone ya mvua yameifungua nuru nyeupe kama mtu afunguavyo mzigo, na kila rangi ikaonekana mahali pake: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, nili na urujuani.

Mwaka 1666 Mwingereza mmoja, Isaac Newton, alianza kulichunguza jambo hili kwa makini. Alifunga dirisha la chumba chake, akaacha tundu dogo la kupitisha mwale wa jua. Mwale ule aliupitisha katika kipande cha kioo chenye pembe tatu, na ukutani zikatokea rangi zote za upinde wa mvua. Kisha alizikusanya tena rangi zile kwa kioo kingine, na nuru ikarudi kuwa nyeupe. Hivyo alijua kwamba kioo hakikutengeneza rangi. Rangi zilikuwamo katika nuru tangu mwanzo.

Jaribio la kwanza. Wekeni beseni la maji juani. Tieni kioo ndani, kiegemee ukingo wa beseni, nusu yake iwe ndani ya maji. Mmoja wenu akigeuze taratibu mpaka mwanga unaotoka ndani ya maji uangukie ukuta mweupe, au karatasi iliyo kivulini. Angalieni: mtu asitazame jua ndani ya kioo, kwa maana litaumiza macho yake.

(Muziki, dakika tatu.)

Je, mmeona? Rangi zile zilizo ukutani zimetoka katika nuru mnayoikanyaga kila siku njiani.

Mlangoni mwa maji

Sasa nuru imefika juu ya maji. Si yote inayoingia. Nyingine hurudishwa juu, kama mpira unavyoruka ukipigwa chini. Saa sita mchana, jua likiwa utosini na maji yakiwa yametulia, nuru inayorudishwa ni kidogo sana, kama sehemu 2 katika 100. Lakini jioni, jua likiwa chini, nuru nyingi hurudishwa. Ndiyo sababu jioni maji humeremeta hata macho yakauma, lakini ndani yake kuna giza.

Nuru inayoingia hupunguza mwendo. Hewani hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja. Majini hukimbia kilomita 225,000 hivi. Na ikiwa imeingia kwa upande, hupinda.

Jaribio la pili. Chukueni kijiti kilichonyooka, mkitie majini kwa mshazari, nusu yake. Mtakiona kama kimevunjika pale penye uso wa maji. Kitoeni, ni kizima. Kilichopinda ni nuru inayotoka kwenye kijiti na kuja machoni mwenu.

Jambo hili si mchezo wa darasani tu. Mvuvi mwenye mkuki akilenga pale anapomwona samaki, atamkosa. Hana budi alenge chini yake. Na hapa nawaomba wazazi msikilize. Kwa kuwa nuru hupinda, maji huonekana mafupi kuliko yalivyo. Dimbwi lenye kina cha mita 4, mtu akilitazama kutoka juu, huonekana kama lina mita 3 tu. Mtoto husema, "Hapa naweza kusimama," akaingia, na miguu isifike chini. Waambieni watoto wenu: macho hayapimi kina cha maji. Kina hupimwa kwa mti mrefu au kwa kamba yenye jiwe.

Wasafiri saba

Tuiache kwanza mito yetu, twende mpaka baharini, kwenye maji maangavu kabisa. Wengi wetu hatujafika huko. Kutoka Ngara mpaka pwani ni zaidi ya kilomita elfu moja. Lakini baharini ndiko tunakoweza kuona maji yenyewe yanaifanyia nini nuru, yasiposaidiwa na tope.

Fikirini wasafiri saba wanaoanza safari pamoja asubuhi, na chakula chao mikononi. Njia ni moja, lakini akiba zao si sawa. Mmoja huishiwa kwenye kilima cha kwanza. Mwingine hufika cha pili. Wa mwisho huendelea mpaka usiku. Rangi za jua ndivyo zilivyo majini. Maji huzinyonya moja baada ya nyingine, na nguvu zake hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu maji ya juu ni ya vuguvugu na ya chini ni ya baridi.

Msafiri wa kwanza kuishiwa ni nyekundu. Katika bahari angavu, ukifika kina cha mita 10 nyekundu karibu imekwisha. Chungwa hufifia kwenye mita 20 hivi. Manjano huweza kufika mita 50. Kijani hufika kiasi cha mita 100. Nili na urujuani haziishi upesi kama nyekundu, lakini nazo hutawanywa na kumezwa njiani. Anayekwenda mbali kuliko wote ni buluu. Hata yeye, kwenye mita 200 amebaki kidogo sana, kama sehemu 1 katika 100 ya alivyoingia, na hiyo ni kwa maji maangavu hasa. Kupita mita 1,000 jua halifiki kabisa. Huko ni usiku, mchana na usiku.

Hesabu hizi si mipaka iliyopigwa mstari. Kila rangi hupungua kidogo kidogo. Ila mfuatano wake ndio huo.

Sasa chukueni kanga nyekundu, mmpe mpiga mbizi wa Pemba ashuke nayo. Juu ya maji kanga ni nyekundu sana. Mita 5, imeanza kufifia. Mita 20, si nyekundu tena, ni nyeusi-nyeusi. Je, rangi imetoka? Hapana. Kitu chekundu ni kile kinachorudisha nuru nyekundu machoni mwetu. Pasipokuwa na nuru nyekundu, hakina cha kurudisha. Mpiga mbizi akiwasha tochi, wekundu unarudi mara moja. Hata damu ya mtu aliyejikwaruza huko chini huonekana nyeusi au ya kijani, wala si nyekundu.

Kwa sababu hiyo samaki wengi wa kilindini ni wekundu. Kwetu sisi wekundu ni rangi ya kuonekana. Kwao ni rangi ya kujificha, kwa maana mahali pao nyekundu na nyeusi ni sawasawa.

Samaki wa Tanga

Yuko samaki mmoja wa bahari yetu anayetufundisha vizuri habari hii. Jina lake silikanti. Kwa miaka mingi wataalamu walimjua kutokana na mifupa iliyogeuka mawe tu, wakadhani kizazi chake kilikwisha zamani sana. Kisha mwaka 1938 akavuliwa akiwa hai Afrika ya Kusini. Mwaka 2003 alipatikana katika maji ya Tanzania, upande wa Kilwa, na tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga waliwanasa wengi katika nyavu za jarife. Mwaka 2009 Serikali ilitenga hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yake.

Silikanti hukaa chini sana, mara nyingi mita 100 mpaka 200 na zaidi, na mchana hujificha mapangoni. Ngozi yake ni ya buluu yenye madoa meupe. Na macho yake je? Wataalamu waliyachunguza, wakaona yamepangwa kuona nuru ya buluu tu. Kwa nini awe na macho ya kuona nyekundu, na nyekundu haimfikii? Amebaki na kile kinachomfaa kwa nuru aliyo nayo.

Mimea haiwezi kufanya kama samaki huyu. Mmea wa majini, kama mgomba wako shambani, hula kwa nguvu za jua. Kwa hiyo mimea yote ya baharini hukaa sehemu ya juu, pale nuru inapofika. Mingi kati yake ni vijimea vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea. Vijimea hivyo na wenzao wa baharini ndivyo vinavyotengeneza karibu nusu ya hewa safi itengenezwayo na mimea duniani. Samaki wadogo huvila, na samaki wakubwa huwala wadogo. Chakula chote hicho huanzia kwenye nuru.

Kwa nini ziwa ni la buluu na kikombe hakina rangi

Sasa tunaweza kumjibu mama yetu. Nuru inapoingia katika maji mengi maangavu, nyekundu na wenzake wa karibu humezwa. Buluu hubaki. Sehemu ya buluu hiyo hutawanywa na maji yenyewe, ikarudi juu mpaka machoni mwetu. Nasi twasema, "Maji ni ya buluu." Mbingu nayo hujionyesha juu ya maji kama katika kioo, na huongeza buluu hiyo, lakini sababu kubwa imo ndani ya maji.

Katika kikombe nuru hupita sentimita chache tu. Msafiri hajatembea hata hatua kumi, ataishiwaje? Rangi zote hutoka salama, nasi huona maji hayana rangi. Mama yetu, rangi haikwenda popote. Kikombe ni kidogo mno kuionyesha.

Na kijani aliyoiona karibu na ukingo? Hapo maji si peke yake. Kuna vile vijimea vidogo, vingi mno. Vijimea hupenda kula nuru ya buluu na nyekundu, na kijani huiacha. Kwa hiyo kijani ndiyo inayorudi machoni. Na maji ya mto wetu baada ya mvua? Hayo yamejaa udongo. Udongo na uozo wa majani huila buluu kwanza, huacha manjano na nyekundu, na maji yakaonekana kama chai ya maziwa.

Angalieni basi: maji yakiwa na tope, mpango wa wasafiri hupinduka. Buluu, aliyekuwa wa mwisho baharini, huwa wa kwanza kuishiwa. Na safari nzima huwa fupi.

Kisahani cheupe

Uangavu wa maji hupimwaje? Kwa chombo rahisi kuliko vyote. Mwaka 1865 padre mmoja wa Roma aliyekuwa mtaalamu wa nyota, Angelo Secchi, aliteremsha visahani vyeupe baharini kwa kamba. Aliangalia vinapotea machoni kwenye kina gani. Mpaka leo wataalamu wa maziwa hutumia kisahani hicho, na hukiita kwa jina lake.

Katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika karibu mita 1,470, kisahani huonekana mara nyingi mpaka mita 10 na zaidi. Ziwa Victoria ni jingine. Kina chake kikubwa ni mita 80 hivi tu. Katika miaka ya 1920 na 1930, kisahani kilionekana huko mpaka mita 5 na zaidi, mbali na ukingo. Kufika miaka ya 1990, mahali pengi kilipotea kabla ya mita 2. Katika maisha ya mtu mmoja, nuru ilipoteza zaidi ya nusu ya safari yake.

Nani aliyeathirika? Katika Ghuba ya Mwanza wako samaki wadogo waitwao furu. Aina mbili za furu hao wanafanana sana na wana milia, hata wataalamu wakaliita kabila lao Pundamilia, kwa neno letu la Kiswahili. Dume la aina moja ni la buluu. Dume la aina ya pili lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Huyu wa pili, mwaka 1985, alipewa jina nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Jike la furu humtambua mume wa kabila lake kwa rangi. Wataalamu watatu, Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte, walilijaribu jambo hili, wakatangaza matokeo mwaka 1997. Kwenye nuru nyeupe, majike walichagua vizuri: wa nyekundu kwa mwekundu, wa buluu kwa wa buluu. Walipowashiwa taa ya rangi ya chungwa tu, ambayo haionyeshi tofauti ya madume, hawakuweza kuchagua. Na ziwani kwenyewe ndivyo ilivyoonekana. Penye maji maangavu, furu walikuwa wa aina nyingi na rangi kali. Penye maji machafu, rangi zilififia, na aina zilianza kuchanganyika mpaka ile tofauti ikapotea.

Tuseme haki: furu wengi walimalizwa na sangara, samaki mkubwa aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka mno miaka ya 1980. Lakini sangara hula samaki. Hafuti rangi zao. Kazi hiyo ilifanywa na giza la maji.

Udongo wa vilima vyetu

Mtasema, "Hayo ni mambo ya Mwanza." Ngojeni kidogo. Mto Ruvubu unaingia katika Kagera hapa Ngara, karibu na Rusumo. Kagera unaingia Ziwa Victoria. Kutoka ziwani maji hushika Mto Nile, mpaka Bahari ya Mediterania. Mvua inapoosha shamba lisilo na kinga katika vilima vya Ngara, udongo wake husafiri. Mwingine hutua njiani, mwingine hufika ziwani.

Udongo huo hudhuru mara mbili. Kwanza, huizuia nuru kwa tope lake. Pili, huchukua mbolea ya shamba. Mbolea hiyo, pamoja na uchafu wa miji na moshi wa mioto, hulisha vile vijimea vya kijani. Vijimea huzaana mno, hufunika maji kama blanketi, na chini yake kunakuwa giza. Vikifa huoza, na uozo huila hewa ambayo samaki walitaka kuivuta.

Kwa hiyo mtu wa Bugarama anayelima kwa kufuata kilima, si kwa kushuka nacho. Anayepanda majani kwenye makingo. Anayeacha miti na matete kando ya mto, mtu huyo analinda shamba lake kwanza, kwa sababu udongo wa juu ndio wenye rutuba. Lakini pia anaiachia nuru njia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sababu yake sasa mnaijua.

Chupa ya maji juani

Nimefika swali la pili la mama yetu. Je, jua huua vijidudu katika chupa? Jibu: ndiyo, lakini kwa masharti.

Zaidi ya rangi saba, jua lina miale tusiyoiona kwa macho, iliyo ng'ambo ya urujuani. Miale hiyo, ikisaidiwa na joto, huviua vijidudu vingi viletavyo kuhara na maradhi mengine ya tumbo. Lakini nayo ni nuru. Husafiri majini kwa sheria zile zile. Kikiwapo kitu cha kuizuia, haifiki, na kijidudu kilichojificha nyuma ya chembe ya tope hubaki hai.

Fanyeni hivi:

1. Tafuteni chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, isiyokwaruzika sana. Chupa za kahawia au za kijani hazifai, kwa maana huizuia miale tunayoihitaji. Bandueni karatasi yake, mwioshe vizuri.

2. Kama maji yana tope, yaacheni yatuame, kisha myachuje kwa kitambaa safi.

3. Jazeni chupa robo tatu, itikiseni, kisha ijazeni kabisa na kuifunga.

4. Sasa yapimeni maji. Simamisheni chupa juu ya gazeti, kwenye maneno makubwa ya kichwa cha habari. Tazameni kupitia mdomo wa chupa mpaka chini. Mkiweza kusoma maneno yale, maji yanafaa. Msipoweza, nuru haitapita vya kutosha. Yachujeni tena, au myachemshe.

5. Lazeni chupa juu ya bati au mahali penye jua wazi kwa saa 6 zisizopungua, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, ziacheni siku 2 mfululizo. Siku za mvua ya kutwa, msitumie njia hii, chemsheni.

Jua haliondoi sumu wala dawa za mashamba zilizoingia majini. Na mwenye kuni za kutosha aendelee kuchemsha. Kuchemsha ni njia nzuri sana. Lakini kwa mama aliyemaliza kuni, na maji yake ni maangavu, na jua linawaka, njia hii ni bora kuliko kumpa mtoto maji kama yalivyotoka kisimani.

Jambo moja la mwisho nawaomba mlitazame. Katika kazi hii, kipimo chetu ni kusoma. Yule asiyejua herufi anaweza kuanika chupa, lakini anahitaji mwingine wa kumwambia kama maneno ya chini yanasomeka. Mama aliyeandika barua yangu haihitaji msaada huo tena. Atasimama juu ya chupa, atasoma mwenyewe, na atajua kama maji haya awape wajukuu zake au asiwape.

(Muziki.)

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini maji ya ziwa yana rangi, na ya kikombe hayana?
2. Katika bahari angavu, rangi gani huishiwa kwanza? Rangi gani hufika mbali?
3. Kwa nini kanga nyekundu huonekana nyeusi kwenye kina cha mita 20?
4. Jike la furu linapata shida gani katika maji ya tope?
5. Ni mashamba gani ya kijiji chenu yanayopoteza udongo kila mvua? Darasa linaweza kufanya nini?

KAZI YA NYUMBANI

Chukueni kifuniko cheupe cha kopo. Kitobueni katikati, mkifunge kamba na jiwe chini yake. Pigeni fundo kwenye kamba kila sentimita 10. Kiteremsheni katika pipa lililojaa maji ya mto au ya bwawa, mwandike kinapotea kwenye fundo la ngapi. Msiende kukitumbukiza mtoni, kwa sababu ya mamba na maji yaendayo kasi. Pimeni mara moja kabla ya mvua kubwa, na mara moja baada yake. Andikeni tarehe na hesabu katika daftari la darasa, mniletee. Nitazisoma hesabu zenu redioni, kijiji kwa kijiji.

Kwa herini, wazee wangu na ndugu zangu. Tukutane juma lijalo, saa hii hii.